Utangulizi: Daftari la Odsal

Kaskazini mwa Uingereza, katika mji wa Bradford, iko klabu ya raga ambayo imeshazikwa mara mbili na kulazwa mahututi mara mbili zaidi, na jina lake bado limo kwenye ratiba. Ilifungwa Desemba 1963, ikarudi 1964. Iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa na madeni, mwaka 2012, tena 2014, tena Novemba 2016, na tarehe 3 Januari 2017 kampuni iliyokuwa ikiiendesha ikafilisiwa kabisa. Majuma machache baadaye vijana waliovaa jezi ileile nyeupe yenye mikanda myekundu, ya manjano na myeusi walikuwa uwanjani wakianza msimu mpya. Oktoba 2025 klabu hiyo, Bradford Bulls, iliteuliwa kurudi Super League, ligi kuu ya mchezo wake, kuanzia msimu wa 2026.

Duka la nguo likifilisika, milango hufungwa, bidhaa hupigwa mnada, na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka lilikuwa la nani. Klabu haifi hivyo. Kampuni ndiyo inayokufa. Klabu huvua kampuni hiyo, ikavaa nyingine, ikaendelea na safari. Elimu ninayokukaribisha humu inaanzia hapo, kwenye mwanya kati ya kampuni na klabu, na swali lake kubwa ni lile linaloulizwa mezani watu wakishamaliza kula: nani analipa?

Karibu, basi, wala usitishwe na neno uchumi. Ukijua kusoma daftari la mkopo la dukani, lile lenye majina upande mmoja na ahadi upande wa pili, umeshafika nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni subira, kwa sababu hesabu za klabu husomwa pamoja na historia ya mji, na historia ya mji haijui kufupishwa.

Msomaji wa Kiswahili huenda anaijua raga kupitia Kenya, ile ya wachezaji saba kila upande au ile ya 15. Hii tunayoizungumzia, raga ya ligi, ni ndugu yake aliyehama nyumba baada ya ugomvi. Ina wachezaji 13 kila upande, na timu yenye mpira huruhusiwa kukabwa mara sita tu kabla ya kuukabidhi kwa wapinzani. Nchini Australia ni biashara kubwa. Uingereza ni mchezo wa ukanda mmoja hasa, wa miji ya sufu, pamba na makaa ya mawe ya Yorkshire, Lancashire na Cumberland, miji iliyokaribiana kiasi kwamba shabiki anaweza kwenda mechi ya ugenini kwa basi na kurudi nyumbani chakula hakijapoa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mshahara. Mchimba makaa au mfanyakazi wa kiwanda cha sufu aliyetoka kazini Jumamosi kwenda kucheza alikatwa ujira wa saa hizo. Mwaka 1893 klabu za kaskazini zilikiomba chama cha raga kiruhusu mchezaji afidiwe ujira aliopoteza. Kura zikapigwa, 282 zikakataa, 136 zikakubali. Mabwana waliopiga kura ya hapana wengi wao hawakuwahi kukatwa ujira maishani mwao. Tarehe 29 Agosti 1895 wajumbe wa klabu za kaskazini walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitenga na kuunda chama chao, Northern Union, ambacho kiliruhusu fidia ya shilingi 6 kwa siku. Mwaka 1898 malipo kamili yalikubaliwa, ila mchezaji sharti awe na kazi nyingine ya halali. Mwanahistoria Tony Collins ameifanyia kazi kubwa habari hii, naye ndiye wa kuanza naye.

Habari hii ya 1895 ina uzito wake katika hesabu. Michezo mingi iliingia kwenye fedha polepole, kwa aibu, ikijifanya haioni. Huu ulizaliwa na orodha ya mishahara mkononi. Tangu wiki ya kwanza kila klabu ilibidi ijiulize kama viingilio vya Jumamosi vitatosha shilingi za Jumamosi, na kwa zaidi ya miaka 125 swali hilo limebadilisha tarakimu tu.

Bradford ilijibu swali hilo vibaya mapema. Klabu ya Manningham, ya mji huohuo, ilikuwa bingwa wa kwanza wa Northern Union msimu wa 1895–96. Miaka saba baadaye ilikuwa haina kitu, hata ikaandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde na mishale ili ichangishe fedha, na mwaka 1903 viongozi wake wakaamua kuachana na raga na kuingia soka. Ndiyo Bradford City ya leo. Klabu ya pili, Bradford FC, ilitwaa ubingwa 1904 na Kombe la Challenge 1906, na mwaka mmoja tu baada ya kombe hilo viongozi wake nao wakahamia soka, wakiondoka na uwanja wa Park Avenue. Wanachama waliokataa walitoka mikono mitupu na kuanzisha Bradford Northern. Tukio hilo la 1907 mjini huitwa Usaliti Mkuu. Angalia nani alibaki na nini: upande mmoja ulibaki na uwanja, mwingine ulibaki na mchezo. Msomaji wa Tanzania aliyefuatilia mabishano ya wanachama na wawekezaji kuhusu zile asilimia 51 na 49 za umiliki wa klabu ataona anatembea kwenye njia anayoijua. Klabu ni ya nani, ya mwenye hati au ya mwenye kilio?

Northern walihangaika hadi 1934, walipopata Odsal. Odsal ni shimo. Ni bonde kubwa kusini mwa mji ambalo halmashauri ilikuwa ikilitumia kumwaga taka, na kingo zake za watazamaji zilijengwa kwa takataka hizohizo zilizoshindiliwa. Tarehe 5 Mei 1954, fainali ya Kombe la Challenge iliyorudiwa kati ya Halifax na Warrington ilichezwa humo, na hesabu rasmi ya walioingia ilikuwa 102,569. Miaka tisa baadaye, tarehe 23 Novemba 1963, Bradford Northern waliikaribisha Barrow katika bakuli lilelile. Waliingia watu 324.

Simama hapo kidogo. Kila mmoja wa watu hao 324 alikuwa na eneo ambalo miaka tisa kabla lilisimamiwa na watu zaidi ya 300. Mwamuzi alipaswa kulipwa vilevile. Nauli ya wageni kutoka Barrow haikupungua kwa sababu watazamaji wamepungua, na nyasi za shimo kubwa hukatwa kwa gharama ya shimo kubwa. Mapato yanaporomoka kama jiwe huku matumizi yakishuka ngazi moja moja kama mzee; katika hali hiyo hakuna hila ya kihasibu inayoweza kuwasubirisha wadai kwa muda mrefu. Siku 17 baada ya mechi ile, msimu ukiwa katikati, klabu ilifungwa. Nitarudi kwenye kufungwa huko, na mwaka uliofuata, mwishoni.

Wachumi waliingia kwenye uwanja huu kupitia michezo mingine. Mwaka 1964, klabu yetu ilipokuwa kaburini, Mmarekani Walter Neale aliandika kuhusu maajabu ya biashara ya michezo. Alisema kila mfanyabiashara huomba mshindani wake afe, lakini bondia Joe Louis asiye na Max Schmeling wa kupigana naye hana cha kuuza. Klabu haiuzi ushindi. Inauza shaka ya nani atashinda, na shaka hiyo huzalishwa na wawili. Kwa hiyo Leeds, klabu tajiri, inamhitaji jirani yake Bradford akiwa hai. Ndiyo maana ligi huokoa wanachama wake, na ndiyo maana ina kikomo cha mishahara, ili mwenye nguvu asiwamalize wale anaowahitaji.

Mwaka 1971 Peter Sloane akaongeza jambo ambalo kila mtu wa vibandani alikuwa analijua: wenye klabu za Uingereza hawatafuti faida. Wanatafuta ushindi, heshima ya mjini, na kiti cha mbele. Kibano pekee ni kwamba fedha zisiishe. Anayewachambua kama wauza sabuni atabaki akishangaa kwa nini wanarudia kosa lilelile.

Wa tatu hakuwa mtu wa michezo hata kidogo. Mhungaria János Kornai alikuwa akichunguza viwanda vya serikali za kisoshalisti alipoona kwamba kiwanda kinachojua serikali itakiokoa huacha kuogopa hasara. Bajeti yake haina ukuta, ina pazia, ukiisukuma inasogea. Mwaka 2012 Rasmus Storm na Klaus Nielsen waliipeleka hoja hiyo kwenye soka la Ulaya, na mimi naona inakaa vizuri zaidi kwenye raga ya ligi kuliko popote. Mjini Bradford kila mkurugenzi aliyeketi kwenye kiti kile tangu 1964 alijua, hata kama hakulisema, kwamba mashabiki hawataiacha klabu ife. Upendo huo ndio dhamana bora waliyokuwa nayo. Pia ndio uliowafanya wasifunge mkono mapema.

Nadharia zinatosha. Utakaposoma sura za mbele utakutana na majedwali, kwa hiyo nikuonyeshe kwanza jinsi fedha zinavyotembea ndani ya klabu kwa mwaka mmoja, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wangu hupotea.

Siku hizi Super League huchezwa kuanzia Februari hadi vuli. Mishahara hulipwa miezi 12. Kwa hiyo kuanzia Oktoba hadi Januari klabu ina wachezaji 25 au 30 wanaolipwa, na haina lango la kukusanyia kiingilio. Inafanya nini? Inauza tiketi za msimu ujao. Shabiki mwaminifu hulipa Novemba mechi zote za nyumbani za mwaka unaofuata, na fedha zake hulipa mshahara wa Novemba. Februari ikifika shabiki huyo anaingia uwanjani kwa shangwe, lakini kihesabu yeye ni deni: ameshalipa, fedha imeshaliwa, na klabu inadaiwa mechi 13 au 14 za burudani. Kinachoingia mlangoni siku ya mechi ni cha wale wanaolipa siku hiyohiyo, pamoja na bia na sambusa zao za nyama ya kusaga, ambazo wao huziita pai. Mvua ikinyesha, na Bradford hunyesha, hao ndio wa kwanza kubaki nyumbani.

Sasa ongeza kodi. Kila mwezi klabu inapomlipa mchezaji, inakata kodi yake ya mapato na mchango wa bima ya taifa, na kuvishika hadi tarehe 22 ya mwezi unaofuata, siku ya kuvikabidhi serikalini. Kwa majuma kadhaa fedha za watu wengine zimelala kwenye akaunti ya klabu, na njaa inaziangalia. Mwenye zamu huziazima mara moja, kuziba pengo. Mwezi unaofuata mapengo ni mawili. Sijawahi kuona klabu ya raga ya ligi iliyoanguka ambayo jina la mamlaka ya kodi halikuwa juu ya orodha ya wadai wake, na sababu ni rahisi: benki hukataa, muuza nyama hupiga simu kila siku, mchezaji hugoma, lakini mtoza kodi huandika barua. Mkopo wa kwanza wa klabu yenye njaa ni kodi isiyopelekwa.

Sisemi haya kwa kiburi. Nilipokuwa kijana nilikuwa mweka hazina wa timu ya mtaani kwetu, na mchango wa jezi niliutumia kukodi gari la kwenda mechi ya ugenini, nikiamini kabisa kwamba kiingilio cha mechi ijayo kitaurudisha. Mechi ijayo iliahirishwa. Tulicheza msimu mzima kwa fulana zilizoandikwa namba kwa rangi ya mlangoni, na jua la saa tisa liliyeyusha namba sita ikawa namba nane. Hakuna aliyeiba senti. Nilichofanya ni kuhamisha fedha kutoka kesho kuja leo, na sayansi yote ya anguko la klabu ni hiyo, imeongezewa sufuri.

Turudi Bradford. Mwaka 1995 kampuni ya Rupert Murdoch, News Corporation, iliahidi pauni milioni 87 kwa miaka mitano ili kuunda Super League na kuhamishia mchezo kiangazi. Viongozi wa ligi walitangaza pia mpango wa kuziunganisha klabu jirani, Castleford, Wakefield na Featherstone ziwe klabu moja iitwayo Calder. Mashabiki walikuja juu, wakaandamana hadi mpango ukatupwa. Kwenye karatasi hesabu zilikuwa sahihi: klabu tatu zenye majengo matatu na makocha watatu zigawane gharama. Lakini shabiki wa Featherstone na wa Castleford si wateja wawili wa bidhaa moja. Ukiwaunganisha hupati 2, na unaweza kupata sufuri. Mwaka 1999 ligi ilizilipa klabu zilizokubali kuungana, Gateshead na Hull, Huddersfield na Sheffield. Sheffield ilitoweka ndani ya ndoa hiyo na mwaka uliofuata ikaanzishwa upya na Mark Aston, mchezaji wake wa zamani, katika daraja la chini. Kampuni ilikuwa imeolewa. Klabu ilikataa kuhama.

Bradford Northern waliingia zama mpya wakiwa na jina jipya, Bulls, na mtu wa masoko aliyeitwa Peter Deakin, ambaye alipeleka wachezaji mashuleni, akaleta muziki uwanjani, akaifanya siku ya mechi kuwa sikukuu ya familia. Watazamaji waliongezeka zaidi ya mara mbili. Ubingwa ulikuja 1997, 2001, 2003 na 2005, pamoja na Kombe la Challenge 2000 na 2003. Mwaka 2006 waliwapiga mabingwa wa Australia na kutwaa taji la dunia kwa mara ya tatu, na mwaka huohuo wakamuuza Stuart Fielden kwa Wigan kwa pauni 450,000, bei ambayo haikuwahi kulipwa kabla kwa mchezaji wa raga ya ligi. Msomaji makini apige mstari hapo. Klabu iliyo juu ya kilele inapomuuza nguzo yake kwa bei ya rekodi, usisome ukurasa wa michezo, soma ukurasa wa fedha.

Januari 2012 chama cha raga ya ligi chenyewe kilinunua haki ya upangaji wa Odsal. Kwa maneno mengine, klabu ilimuuzia mwenye ligi paa lake ili ipate fedha ya matumizi, na tangu siku hiyo mwamuzi wa mchezo akawa pia mwenye nyumba wa mmoja wa wachezaji. Machi klabu ikatangaza kwamba bila pauni milioni 1, na nusu yake ndani ya siku chache, haimalizi mwaka. Ndoo zikazunguka. Wazee walitoa akiba zao, watoto wakavunja vibubu, mashabiki wa Leeds, mahasimu wa jadi, nao wakachangia, Neale angetabasamu. Zilipatikana ahadi za karibu nusu milioni. Juni ya mwaka huohuo klabu ilikuwa mikononi mwa mrasimu, ambaye aliachisha kazi wafanyakazi, kocha Mick Potter akiwamo. Potter aliendelea kuja mazoezini kufundisha bila mshahara. Ligi ikaikata timu pointi 6. Septemba akapatikana mnunuzi, Omar Khan, mwenye mikahawa hapo mjini, na kabla miaka miwili haijapita mrasimu alikuwa amerudi, pointi nyingine 6 zimekatwa, na mwishoni mwa msimu wa 2014 Bulls wakashuka daraja.

Uliza sasa swali letu. Magazeti yaliandika kwamba klabu imeokolewa. Nani alilipa?

Mrasimu ni msimamizi anayechukua uendeshaji kutoka kwa wakurugenzi na kuilinda kampuni dhidi ya wadai huku akitafuta mnunuzi. Mnunuzi hununua jina, jezi, mikataba ya wachezaji na nafasi kwenye ligi, na kuyaweka ndani ya kampuni mpya isiyo na deni. Madeni hubaki kwenye kampuni ya zamani, kama nguo za marehemu. Wenye dhamana hulipwa kwanza. Wafanyakazi hupata sehemu kutoka mfuko wa serikali. Waliobaki, yaani mpiga chapa wa tiketi, mwenye mabasi, dobi wa jezi, muuza nyama, hugawana makombo, mara nyingi senti chache kwa kila pauni. Hata serikali ilikuwa kwenye foleni hiyo ya nyuma: sheria iliyoanza kutumika Septemba 2003 iliiondolea mamlaka ya kodi haki ya kulipwa kabla ya wengine, na haki hiyo ilirudishwa kwa sehemu Desemba 2020 tu. Maanguko yote matatu ya Bulls yalitokea ndani ya dirisha hilo. Kwa hiyo sehemu ya uokozi wa 2012 ililipwa na walipa kodi wa Cornwall na Kent ambao hawajui Odsal ni jina la uwanja au la dawa ya kikohozi, na sehemu nyingine ililipwa na mpiga chapa wa mtaa wa pili, ambaye huenda alikuwa amekata tiketi ya msimu pia. Huyo alilipa mara mbili.

Adhabu ya ligi nayo haimfikii aliyekosa. Mwaka 2017 klabu mpya ilianza msimu ikiwa na pointi 12 pungufu ya sufuri. Wakurugenzi waliokopa walishaondoka. Waliochezea chini ya sufuri ni vijana waliobaki kwa mishahara midogo, na waliotazama ni mashabiki walewale wa ndoo. Timu ikashuka tena, hadi daraja la tatu, kabla ya kupanda mwaka 2018. Nakiri sina adhabu bora ya kupendekeza. Ukiacha kukata pointi, kila klabu itatupa madeni yake Desemba na kuanza upya Februari. Ukizikata, unampiga mtoto kwa kosa la baba aliyehama.

Njia inayojaribiwa sasa ni kupima afya kabla ya ugonjwa. Kwa mfumo uliobuniwa kwa ushauri wa kampuni ya IMG, ligi huipima kila klabu kwa jumla ya alama 20: 5 za mashabiki, 5 za matokeo uwanjani, 4.5 za fedha, 3 za uwanja, 2.5 za eneo na jamii. Wasomaji wangu wa uhasibu huupenda mfumo huu mara moja. Mimi naupokea kwa tahadhari, kwa sababu fedha ambazo tajiri anaingiza kutoka mfukoni mwake huhesabiwa kama nguvu, wakati historia yetu inaonyesha kwamba tajiri ni kama mvua za vuli: zikija unalima, lakini hujengi ghala kwa matumaini ya zile za mwakani. Toronto Wolfpack ilipanda kutoka daraja la tatu hadi Super League kwa fedha za mtu mmoja, David Argyle. Julai 2020, katikati ya janga la korona, fedha hizo zilikauka na klabu ikajitoa. Bradford ina miaka zaidi ya mia ya watu wanaolia. Toronto ilikuwa na minne. Na Februari 2025 Salford, klabu yenye asili ya mwaka 1873, ikiwa imebanwa kwenye bajeti ya mishahara hadi wenye mali wapya wathibitishe fedha zao, ilipeleka vijana wake wa akiba St Helens na kufungwa 82 kwa 0.

Neno la vitendo kabla hujafungua sura ya kwanza. Hesabu za kampuni za Uingereza zinapatikana bure kwenye masjala ya kampuni tangu 2015, na mtu aliyeko Morogoro au Eldoret anaweza kuzisoma usiku huu. Usitegemee kukuta faida na hasara, kwa kuwa kampuni ndogo zimeruhusiwa kuuficha ukurasa huo. Tazama mistari miwili: wadai wanaopaswa kulipwa ndani ya mwaka mmoja, na fedha taslimu. Linganisha mwaka huu na uliopita. Kisha tazama tarehe ambayo hesabu ziliwasilishwa. Klabu inayochelewesha hesabu zake imeshakuambia habari kabla hujafungua karatasi. Ripoti ya mrasimu ikiwapo, ruka utangulizi wake wa kistaarabu na nenda moja kwa moja kwenye kiambatisho chenye majina ya wadai. Humo utaona mji mzima, kuanzia mwenye gereji hadi muuza maua, kila mmoja na tarakimu yake.

Nilisema nitarudi mwaka 1964. Bradford Northern ilipofungwa hakukuwa na tajiri, mkataba wa televisheni wala mrasimu wa kuuza jina. Wachezaji wawili wa zamani, Trevor Foster na Joe Phillips, waliitisha mkutano katika ukumbi wa St George's mjini, Aprili. Walikuja watu wapatao 1,500, na pauni 1,000 ziliahidiwa palepale. Ligi ikaipokea klabu mpya. Tarehe 22 Agosti 1964 malango ya Odsal yalifunguliwa kwa mechi dhidi ya Hull Kingston Rovers, na watu zaidi ya 14,000 wakateremka ngazi za shimo lile, miezi tisa tu tangu siku ya wale 324. Northern walipoteza mechi, na wanaosoma daftari hili hadi leo hawajakubaliana juu ya jambo moja: Novemba ile, hao 14,000 walikuwa wapi?